Mwisho wa Kweli wa Madamu wa Londoni

Kigoma, Jumapili, 9 Novemba. Mvua tangu asubuhi, ile nyembamba isiyopiga kelele kwenye bati. Leo ni miaka ishirini na tisa tangu nilipotoka Walikale, na miezi miwili zaidi tangu nilipofunga mlango wa nyumba yangu Muheto, kule milimani Masisi, Kongo.

Katika shajara hii ninayoiweka mtandaoni nimeandika habari za jino langu lililong'olewa, za redio yangu inayoshika stesheni moja tu, za kaburi la mke wangu na jinsi majani yanavyoliwahi kila masika. Jambo moja nimelipita pembeni tangu siku ya kwanza.

Ijumaa jambo hilo lilinifikia kwenye simu.

Ulikuwa ujumbe wa sauti, dakika nne, namba ya Kongo nisiyoijua. Nilikuwa nimekaa kitandani, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Kwanza nilisikia jogoo, kisha watoto wanaimba mbali, kisha sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Mwalimu, ni miye Sifa. Sifa wa Muheto. Uko unanikumbuka, ao ulishasahau?"

Ile soksi ya pili niliivaa jioni.

Sijui nianzie wapi, basi nianze na kitabu.

Katika shule yetu ya Muheto kulikuwa na sanduku la bati lililoachwa na mapadri wa zamani. Ndani, katikati ya katekisimu, nilikuta kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada. Mchwa walikuwa wamekula kurasa za mwanzo. Kilieleza maisha ya mwanamke wa Uingereza, wa karne ya kumi na nane, aliyekuwa mwigizaji na mshairi. Jina lake lilikuwamo kurasa za ndani, lakini ndimi za darasa langu zilikataa kulibeba, tukambatiza Madamu wa Londoni. Ndilo jina nililomzoea na sitambadilishia leo.

Aliolewa akiwa bado mtoto, na mwanamume aliyejisifia mali asiyokuwa nayo. Mume alipofungwa, Madamu aliingia naye gerezani na mtoto mchanga mgongoni. Humo ndani, mtoto akilala, yeye aliandika mashairi. Alipotoka alipanda jukwaani, na mji mzima ukaja kumtazama. Mwana wa mfalme akamtazama pia, akamwandikia barua, akamtoa jukwaani kwa ahadi, kisha akamwacha kama mtu anavyoinuka na kuacha kiti. Mji ule ule uliompigia makofi ukamchora kwenye karatasi na kumcheka.

Kisha, hajatimiza miaka thelathini, akiwa safarini kwenye gari la farasi, miguu yake ikakataa. Tangu siku ile alibebwa.

Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Nilikisoma mara tatu. Kilichonishika ni kwamba kila aliponyang'anywa pa kusimama, mwanamke yule alichukua kalamu.

Nikakifanya mchezo wa kuigiza, kwa Kiswahili, kwa sherehe ya mwisho wa mwaka wa masomo. Na hapo ndipo nilipokutana na neno.

Kwetu Kivu neno komedi lina maana moja tu. Mtoto anayeshika tumbo ili asiende shambani, anafanya komedi. Shangazi anayelia msibani bila chozi, anafanya komedi. Kwa hiyo nilipoandika ubaoni kwamba Madamu alikuwa komediyeni, kama Wafaransa wanavyomwita mwigizaji, darasa zima liliangua kicheko.

"Mwalimu, kumbe alikuwa muongo!"

Aliyesema hivyo alikaa dawati la nyuma kabisa, msichana wa miaka kumi na sita, mrefu, jina lake Sifa. Mama yake alilima viazi upande wa pili wa uzio wa shule.

Nilitumia mwezi mzima kupigana na neno hilo. Niliwaambia kwamba mwigizaji hasemi uongo. Anabeba ukweli wa mtu mwingine kwa muda, kisha anamrudishia mwenyewe. Niliipenda sana sentensi hiyo. Niliirudia mbele ya wazazi, hata mbele ya paroko.

Sifa nilimpa nafasi ya Madamu. Alijifunza kuketi kama mtu ambaye miguu si yake. Alijifunza kuanguka bila kunyoosha mikono, jambo ambalo mwili wa mtu hulikataa. Alifanya mazoezi njiani akienda kuchota maji, jikoni, kanisani. Mdogo wake alilia siku ya kwanza akidhani dada amepooza. Mama yake alikuja shuleni kulalamika, akaondoka anacheka.

Kuhusu mwisho wa mchezo, mkuu wa shule aliniita ofisini. "Mwalimu, sherehe haiwezi malizika na kilema. Bantu batakuya na chakula. Simamisha ule mama."

Nikamsimamisha. Katika kitabu Madamu hakutembea tena kamwe. Katika mchezo wangu aliweka kalamu chini, akashika meza, akasimama, akatembea hatua saba hadi mbele ya jukwaa, na watu wa Muheto wakapiga vigelegele. Nilimwambia Sifa kwamba ndivyo kitabu kilivyosema. Hakujua Kifaransa cha kutosha kunisahihisha.

Sikuona kuwa ni uongo mkubwa. Ilikuwa ni hatua saba tu.

Kisha vita ikafika kwetu. Siandiki habari zake. Walioiona wanaijua, na wasioiona sitaki waione kwa maneno yangu. Lori moja lililokuwa linaelekea Bukavu lilikuwa na nafasi chache. Mama Sifa alipanda na wadogo. Sifa, mkubwa wao, akaniachia mimi, kwa sababu nilikuwa naongoza kikundi cha watu kumi na wanne waliokuwa wakishuka msituni kwa miguu.

"Mwalimu, mutoto huyu ni wako mpaka tutaonana."

Nilisema ndiyo.

Tulitembea siku tisa kuteremka Walikale. Sifa ndiye aliyetubeba njia nzima, na sizungumzii mizigo. Kila tulipochoka, alijitupa chini katikati ya njia na kusema kwa sauti ya Madamu, "Miguu imenikatala! Muite gari ya farasi!" Wazee waliokuwa hawajacheka tangu Muheto walicheka mpaka wakakohoa. Nilimwacha aendelee. Tena nilimwomba.

Hilo ni la kwanza kati ya makosa yangu. La pili lilikuwa la mapishi.

Tulipokelewa na mwanamke mmoja njia ya kwenda Omate, ambako wanaume walipita kila siku na koleo zao kwenda kuchimba dhahabu. Watu walimwita Mama Anyesi. Alitupa kibanda, akatupa na shamba lake la zamani la muhogo. Siku ile ya kwanza alitusimamisha wote kandokando ya kijito.

"Bantu ba ku milima, musikie. Muhogo huu iko mukali. Mutoe ganda, muweke mu mayi siku tatu, ine, mpaka ilainike. Musifanye haraka. Haraka yenu mubakishe kule kwenu na ng'ombe."

Tulicheka. Tulikuwa watu wa viazi, maharagwe na maziwa. Kwetu chakula ukikichimba asubuhi unakila mchana. Tulikuwa kumi na wanne, na kijito hakikuweza kulowesha muhogo wa kututosha siku nne kwa zamu. Nikakata shauri. Nilisema siku moja inatosha, jua litamaliza kazi iliyobaki. Nilieleza jambo hilo kwa utaratibu, nikihesabu hoja kwa vidole, kama niko darasani. Mama Anyesi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, Mwalimu," alisema. "Wewe njo mwenye ulisoma."

Tuliula hivyo kwa wiki saba, asubuhi na jioni, bila samaki wala maharagwe. Ulikuwa na uchungu kidogo. Tulisema ni ladha ya msitu.

Asubuhi ya kuondoka, habari zilikuja kwamba wenye silaha wamelala kijiji cha jirani. Tulifunga mizigo kukiwa tayari kweupe. Sifa alikuwa ameketi kandokando ya mafiga. Nikamwita. Akajaribu kuinuka, magoti yakagongana, visigino vikakataa kugusa ardhi, akaanguka. Hakunyoosha mikono.

"Mwalimu, miguu haisikie."

Watu walicheka. Mtu mmoja nyuma yangu aliita gari ya farasi.

Alijaribu tena, akaanguka tena, na alinitazama mimi peke yangu. Nimeutazama uso ule miaka ishirini na tisa. Haukuwa uso wa Madamu. Nilijua sura zake zote za jukwaani, mimi ndiye niliyemfundisha, na hiyo haikuwamo. Lakini nilikuwa na watu kumi na wawili wengine na njia moja tu iliyobaki wazi, na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

"Sifa, acha komedi. Simama."

Nililitumia neno lile. Mimi.

Hakusimama. Nikasema, kwa sauti ya kutosha wote wasikie, kwamba tukitangulia atatufuata, kwamba akikosa watazamaji mchezo utaisha wenyewe. Tukatembea. Kwenye kijito, pale tulipoufupishia muhogo siku zake, niligeuka. Mama Anyesi alikuwa amepiga magoti, anamsugua miguu. Sifa alikuwa haniangalii tena.

Ningeweza kurudi. Zilikuwa hatua mia moja hivi, tambarare.

Bukavu nilimkuta mama yake. Hakunisalimu. "Mutoto iko wapi?"

Nilisema amebaki kwa mwenyeji wetu, alikuwa anafanya komedi. Nililisema mara ya pili, kwa mama mzazi.

Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Mutoto yangu anafanyaka komedi mbele ya bantu bamekaa kwa viti. Mu njia ya kukimbia, hapana."

Akakaza kitenge kiunoni, akawaacha wadogo kwa kaka yake, akaondoka siku ile ile kurudi tulikotoka. Nilifundisha mwezi mzima maana ya uigizaji, na mwanamke mlima viazi ndiye aliyeielewa.

Mimi nilivuka ziwa. Hapa Kigoma nilipata mke, watoto wa jirani wa kufundisha, na vitabu. Sikupata kusahau. Watu wa hapa wanakula ugali wa muhogo, na msimu ukifika vipande vyeupe vinaanikwa juu ya kila jiwe kandokando ya barabara. Sipiti bila kuhesabu. Marehemu mke wangu alizoea: kabla hajainjika sufuria alisema, "Siku ya nne, mume wangu," bila kuulizwa. Hakuwahi kuniuliza kwa nini. Miaka mingi baadaye muuguzi mmoja alinieleza, akidhani ananipa habari mpya, kwamba muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha hushika miguu ghafla, ya wasichana na watoto hasa, na ikishashikwa hairudi kuwa kama zamani.

Nilimshukuru. Nilikwenda nje.

Wakati mwingine mchana, nikiwa nasahihisha insha, nasikia mtu anapita nje na fimbo. Ko. Kisha mguu unaoburuzwa. Kisha ko. Naenda dirishani. Mara nyingi kuna mtu kweli, mzee wa jirani au mpita njia. Mara nyingine hakuna mtu.

Sasa nirudi kwenye sauti ya Ijumaa.

Yuko Walikale mjini. Mama yake alimkuta akiwa hai, akaishi naye huko mpaka alipofariki, mwaka juzi. Anatembea kwa fimbo mbili, kwa ncha za vidole, "kama kuku mu mayi ya mvua," alisema, akacheka. Anashona nguo. Na kwa miaka yote hiyo amewafundisha watoto wa parokia maigizo, na mchezo wanaoupenda ni ule wangu, alioujua wote kwa moyo, maneno ya wengine na yake. Watoto wa Walikale wanamjua Madamu wa Londoni. Wapo wanaodhani Londoni iko ng'ambo ya machimbo ya Bisie, kwa kuwa magari makubwa ya mgodi yanaelekea huko na mengine hayajaonekana tena.

Mpwa wake alikuta shajara hii kwenye simu, akaona neno Muheto na namba yangu, akamsomea.

"Sasa Mwalimu, nisikie muzuri," alisema. "Noeli hii nataka kucheza Madamu miye mwenyewe. Niko na miaka makumi ine na tano, sijamuchezaka tangu Muheto. Kila mwaka natia musichana mwenye miguu, juu ya ule mwisho. Zile hatua saba. Miye siziweze. Batoto banasema, Mama Sifa, cheza mwanzo, kisha mwingine atakuya kusimama pa nafasi yako. Sitaki. Madamu mumoja hawezi kuwa bantu babili. Njo nakuuliza: kitabu kilisema vile kweli? Alisimamaka? Kama alisimamaka, nitaacha, nitapatia mutoto mwingine. Sitaharibu maisha ya muntu."

Jogoo tena.

"Na wewe ukuye. Tutakuwekea kiti ya mbele." Kisha, akiwa ameshaanza kucheka: "Na usiseme niko nafanya komedi."

Hapo ujumbe ulikatika.

Nimeusikiliza mara kumi na moja. Siwezi kujua kicheko kile ni cha namna gani. Mimi niliyejua sauti zake zote.

Siku mbili nimezunguka chumbani na jibu. Kulikuwa na njia nyepesi. Ningesema ndiyo, alisimama, mpe mtoto mwingine, na uongo wangu ungebaki salama milimani. Ningesema sikumbuki, kitabu kiliungua. Kitabu hakikuungua. Kurasa za mwisho, sita kwa jumla, nilizikata kwa wembe kule Muheto ili mtu asizione. Nimevuka nazo ziwa. Zipo hapa ndani ya Biblia, zimekuwa rangi ya chai.

Asubuhi hii, mvua ikiendelea, nilibonyeza kitufe nikazungumza.

Nilimwambia hakusimama. Nilimsomea kurasa zote sita, nikitafsiri polepole. Kwamba Madamu alibebwa kutoka kitandani hadi kwenye gari na kutoka garini hadi kitini, miaka karibu kumi na saba. Kwamba katika miaka hiyo aliandika zaidi ya alivyoandika akiwa na miguu, mashairi na riwaya, na binti yake alikaa naye. Kwamba wengi waliompigia makofi hawakuja kumwona. Kwamba alikufa kabla nywele hazijawa nyeupe, karatasi zake zikiwa hazijamalizika. Nilimwambia zile hatua saba nilizitunga mimi, na kwamba nilimdanganya.

Kisha nikasema lile jingine. Kwamba ile asubuhi njia ya Omate niliujua uso wake. Sikusema nilidhani anaigiza, kwa sababu sikudhani. Nilisema nilijua, na nilisema neno lile ili miguu yangu mwenyewe ipate kwenda. Nilimwambia pia habari ya siku moja badala ya siku nne, na kwamba muhogo ule ni mimi niliyeukatia shauri.

Dakika ishirini na tano. Nikatuma kabla sijajisikiliza.

Jibu lilikuja baada ya misa, fupi.

"Mwalimu. Nimesikia yote. Ile ya muhogo, mama alishanielezaka, Mama Anyesi alimuambia. Ile ya uso, nilijua siku ileile, nilikuwa nakuangalia." Nilisikia fimbo ikiwekwa chini, mbao kwa simenti. "Sasa kama hakusimamaka, miye njo nitamaliza. Nitabakia mu kiti na kalamu, mpaka bazime taa. Batoto batalia, balie. Kiti yako tutaweka. Ukikuya, ukikosa, itakuwa pale."

Hakusema amenisamehe. Hakusema hajanisamehe. Nimetafuta neno hilo ndani ya ujumbe mzima, mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mifuko aliyokwisha kuipekua. Halimo.

Nimewaza safari. Meli hadi upande wa pili, barabara hadi Bukavu, kisha msitu. Mwili wangu ungefika, nadhani; nina miaka sabini na magoti yangu ni mazima. Hilo ndilo linalonitia aibu zaidi, magoti yangu kuwa mazima. Na vita ningeweza kuitaja, ipo, kila mtu angenielewa.

Lakini ukweli ni kwamba nikiketi kwenye kiti kile, mbele, watu wakiwa wamekaa nyuma yangu, Sifa atatakiwa kucheza akinitazama. Atakuwa na miguu iliyokufa kweli, atasema maneno niliyoyaandika mimi, na ataona kama uso wangu unaamini. Nilishapewa nafasi hiyo mara moja, njia ya Omate. Madamu huyu ni wake sasa. Kurasa sita nitazituma kwa mtu anayevuka wiki ijayo, zikae mahali zinapotumika.

Mvua imekatika. Jirani ametoa muhogo wake nje tena. Ni siku ya nne.

Kiti kitakuwa pale, na mimi sitarudi.